Shule ya Umma na Deni la Habari

Mzazi anapomwandikisha mtoto katika shule ya umma, hukabidhi vitu viwili kwa mkupuo mmoja. Cha kwanza ni mtoto mwenyewe, ambaye kwa miaka kadhaa atashinda mikononi mwa watu wengine tangu asubuhi hadi alasiri. Cha pili hakionekani kwa macho: ni fungu lake katika mali ya umma, yaani kodi aliyoilipa kila aliponunua sukari, sabuni na muda wa maongezi, ambayo serikali huirudisha shuleni ikiwa mishahara, vitabu, madawati na ruzuku. Makabidhiano hayo huzaa swali ambalo dini na falsafa zililishughulikia karne nyingi kabla shule za namna hii hazijakuwapo: aliyepokea anadaiwa nini na aliyemkabidhi? Kwa upande wa habari, swali hilo huwa hivi. Mwalimu mkuu anayewaita wazazi akawaeleza fedha zilizoingia, vitabu vilivyofika, walimu waliohamishwa na tarehe ya mitihani, anawafanyia hisani au anawalipa deni?

Tofauti ya majibu hayo mawili ni kubwa. Hisani hutolewa mwenye nayo akipenda, kwa kiasi anachopenda, na aliyeikosa hana pa kulalamikia. Deni lina mwenyewe, lina muda wake wa kulipwa, na anayelichelewesha bila sababu amekosa hata kama kila shilingi ya shule imetumika vizuri.

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, unalifanya swali hili kuwa gumu kuliko linavyoonekana vitabuni. Mji umekaa kati ya Ziwa Babati na Mlima Kwaraa, penye njia panda ya magari yanayotoka Arusha kwenda Dodoma na Singida. Katikati ya mji kuna ofisi za serikali, maduka na vituo vya mafuta. Ukifika Bonga, Sigino au Singe, watu wanalima mahindi, mbaazi na alizeti. Katika darasa moja unaweza kumkuta mtoto wa karani, wa dereva wa bodaboda, wa mama lishe na wa mfugaji, na pembeni yao mtoto ambaye wazazi wake wako mbali na anayelelewa na bibi au shangazi mjini ili apate kusoma. Nyumbani kwao husikika Kiiraqw, Kigorwa, Kirangi, Kimbugwe na Kidatoga, lugha za asili ya Kikushi, Kibantu na Kinailo zikiwa zimepakana ndani ya eneo dogo. Kiswahili kinawaunganisha wote, lakini hakimkai bibi wa miaka sabini kama kinavyomkaa karani. Kwa hiyo tangazo moja, lenye maneno yale yale, humfikia huyu likiwa kamili na yule likiwa nusu.

Habari zinazodaiwa zenyewe ni za kawaida kabisa. Ziko za shughuli: siku ya kufungua na kufunga shule, mitihani ya majaribio, chanjo, michezo, vikao. Ziko za rasilimali, na hizi ndizo zenye ubishi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza kutekelezwa mwaka 2002 baada ya ada ya shule za msingi kufutwa, uliweka ruzuku kwa kila mwanafunzi, ukazipa kamati za shule nguvu ya kusimamia fedha hizo, na ukataka mapato na matumizi yabandikwe hadharani shuleni. Baadaye ukaja Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Ruzuku ya uendeshaji iliendelea kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Katika ile 10,000, shilingi 6,000 huenda kwenye akaunti ya shule na 4,000 hubaki ngazi ya juu kwa ajili ya vitabu.

Hesabu hiyo kila mzazi anaiweza. Shule ya msingi yenye wanafunzi 800 inastahili kupokea shilingi milioni 4.8 kwa mwaka, yaani laki nne kwa mwezi, na humo ndimo mna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo na gharama za ofisi. Mzazi aliyeielewa hesabu hiyo huacha kudhani kwamba mwalimu mkuu amekalia mamilioni. Pia hutambua mara moja mwezi ambao fedha hazikuingia. Tuhuma nyingi dhidi ya walimu wakuu huota mahali ambapo hakuna aliyewahi kutaja kiasi halisi, na mwalimu mwaminifu ndiye anayeumia zaidi kwa ukimya huo, kwa sababu hana kinachomtofautisha na asiye mwaminifu.

Elimu bila ada ilileta neema kubwa, ila pembeni yake likakua wazo moja baya: kwamba mzazi asiyelipa kitu hana la kuuliza. Wazo hilo huonekana la haki kwa sababu linafanana na biashara, ambako anayelipa ndiye mwenye sauti. Lakini shule ya umma haiuzi kitu. Haki ya mzazi ya kupata habari haikutokana na ada, na ada ilipoondoka haki hiyo haikuondoka nayo. Inatokana na mtoto. Hata mzazi fukara ambaye hakuchangia tofali hata moja amekabidhi kitu kisicho na bei, na anayekabidhi hivyo anabaki kuwa mwenye kuuliza. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 18, inampa kila mwananchi haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake na kwa jamii bila kumtaka kwanza aonyeshe risiti. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 iliweka utaratibu wa kuidai haki hiyo kwenye ofisi za umma.

Mafundisho ya Kiislamu yanaliweka jambo hili chini ya amana. Sura ya An-Nisaa, aya ya 58, inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe, na wafasiri wameipanua amri hiyo ivuke mali iliyowekwa kwa mtu, ifike kwenye madaraka pia. Aya ya 282 ya Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, inashughulika na jambo linaloonekana la kiofisi tu: deni liandikwe, liwe dogo au kubwa, na pawe na mashahidi. Sababu inayotolewa humo ni kwamba kuandika kuko karibu zaidi na uadilifu na huondoa shaka. Ni fundisho lenye maana pana, kwa kuwa haliwadhanii watu kuwa wezi. Linaandikisha mali ya marafiki na ya waaminifu vilevile, ili urafiki na uaminifu wao usije ukaharibiwa na usahaulifu. Mswahili amelisema kwa namna yake, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Husimuliwa pia kwamba Khalifa Umar bin al-Khattab aliulizwa mbele ya watu alikopata kitambaa cha kutosha vazi lake, ilhali kila mmoja alikuwa amegawiwa kipande kimoja. Hakukasirika, wala hakumuuliza muulizaji alitoa nini. Alimtaka mwanawe Abdullah aeleze, naye akasema amempa baba yake fungu lake.

Katika Ukristo neno linalobeba mzigo huu ni uwakili. Wakili katika Injili ya Luka, sura ya 16, huitwa atoe hesabu ya mali isiyo yake. Lakini mfano ulio karibu zaidi na shule uko katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8. Paulo alikuwa anakusanya michango ya makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, na kwa cheo chake angeweza kuibeba peke yake. Badala yake fedha zilisindikizwa na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili asiwepo wa kuwalaumu. Sababu aliyoitoa ni kwamba alitaka mambo yawe sawa mbele za Bwana na mbele za watu pia.

Hiyo sehemu ya pili ndiyo kiini cha suala lote. Viongozi wengi wema hutosheka na ya kwanza. Mwalimu mkuu aliyetumia fedha vizuri husema moyoni kwamba Mungu anamjua, na kweli anamjua. Ila mzazi wa Sigino hana njia ya kuingia katika dhamiri ya mwalimu. Anachokiona ni darasa ambalo sakafu yake imebomoka na ofisi iliyopakwa rangi mpya, na hana wa kumweleza kwamba rangi ilitolewa na mhisani na sakafu inasubiri bajeti. Uaminifu uliofungiwa ndani ya mtu mmoja unamtosha yeye kwa hesabu yake na Muumba. Shule ya umma inahitaji uaminifu unaoweza kukaguliwa na asiyemfahamu mwalimu kabisa.

Mwanafalsafa wa Ujerumani Immanuel Kant, katika andiko lake la mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, alifika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Alisema kwamba tendo linalogusa haki za watu wengine, ikiwa kanuni yake haiwezi kustahimili kutangazwa, tendo hilo si la haki. Kipimo hicho kinatumika kirahisi. Uamuzi wa kamati ya shule kuhamishia fedha za ukarabati kwenye posho za kikao unaweza kuwa na maelezo mazuri ndani ya kikao. Upeleke mbele ya mkutano wa wazazi uone kama utasimama. Wadatoga wa uwanda wa Hanang, majirani wa Babati, hawakumhitaji Kant kulijua hilo. Mashauri yao ya jamii huamuliwa katika baraza la wazi liitwalo girgwageda, na wanawake wana baraza lao lenye uwezo wa kumtoza faini mwanamume aliyewakosea. Shauri linalowahusu watu linasikilizwa na watu.

Hoja inayotolewa mara kwa mara dhidi ya haya yote si ya kifisadi. Ni hofu: kwamba habari za fedha huleta ugomvi, kwamba mzazi asiyejua hesabu za serikali atatafsiri vibaya, kwamba mwanasiasa wa mtaa atazitumia kujitafutia kura. Hofu hiyo ina ukweli ndani yake, na walimu wakuu waliowahi kuzomewa mkutanoni wana haki ya kuwa nayo. Lakini ukimya una gharama yake pia, na gharama hiyo imewahi kupimwa. Nchini Uganda, watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ya shule za msingi kwa miaka ya 1991 hadi 1995, wakakuta shule zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya fedha zilizotolewa na serikali kuu kwa ajili yake. Sehemu kubwa iliishia wilayani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini fedha zilizopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 shule zilikuwa zinapata zaidi ya asilimia 80. Wachumi wengine wamesema baadaye kwamba magazeti peke yake hayakutosha kuleta badiliko hilo, kwa kuwa palikuwa na mageuzi mengine ya usimamizi wakati uleule. Masahihisho hayo ni ya haki, ila hayamrudishii mtu yeyote hoja kwamba ukimya ulikuwa unazilinda shule.

Tanzania nayo ina funzo lake. Mwaka 2005 serikali ililipiga marufuku shirika la HakiElimu, lililoanzishwa mwaka 2001, kufanya tafiti na kuchapisha taarifa kuhusu shule, na zuio hilo likaja kuondolewa mwaka 2007. Mzozo huo ulikuwa juu ya nani ana mamlaka ya kuwaeleza wananchi hali ya shule zao. Kama habari ni hisani ya serikali, basi serikali huchagua msemaji. Kama ni deni kwa wazazi, msemaji anaweza kuwa yeyote anayesema kweli, na anayesema uongo hujibiwa kwa takwimu sahihi.

Kubandika pekee, hata hivyo, hakulipi deni. Utazame ubao wa matangazo wa shule yoyote ya umma: uko nje ya ofisi ya walimu, chini ya paa, karatasi zimeshikwa kwa pini, nyingine zimekunjamana kwa jua. Taarifa ya fedha imechapwa kwa herufi ndogo, na vichwa vyake ni vya kihasibu: kasma, bakaa, matumizi mengineyo. Wanaoupitia ubao huo kila siku ni walimu na wanafunzi. Mzazi huja shuleni akiwa ameitwa kwa kosa la mtoto, na hapo hana utulivu wa kusoma karatasi ukutani. Mwanafalsafa Onora O'Neill, katika mihadhara yake ya Reith ya mwaka 2002, alionya kwamba uwazi wa kumwaga takwimu nyingi bila kujali kama zinaeleweka hauongezi imani, na unaweza hata kuipunguza. Mdai hajalipwa mpaka kitu kimemfikia mkononi. Hivyo shule ya Bonga inayosoma taarifa yake kwa Kiswahili chepesi, na kumwomba mzazi mmoja aifafanue kwa Kigorwa au Kiiraqw kwa wazee waliokaa nyuma, imelipa zaidi kuliko shule yenye ubao uliojaa karatasi.

Wakati nao ni sehemu ya malipo. Kikao kinachoitishwa siku ya mnada, au katikati ya palizi, huwa kimewachuja wahudhuriaji kabla hakijaanza. Barua iliyokunjwa ndani ya daftari la mtoto wa darasa la tatu hufika ikiwa na madoa ya ugali, au haifiki. Kundi la WhatsApp linawafaa wazazi wa katikati ya mji na kumwacha bibi mwenye simu ya kitochi. Wengi hupitishia matangazo kanisani Jumapili na msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na njia hiyo hufanya kazi kwa kuwa watu husikiliza huko kwa makini. Ila shule ya umma haina dini, na ikitegemea mimbari moja tu, wasiosali hapo wamesahaulika. Kinachobaki kuwa cha wote ni mkutano wa mtaa, chini ya mwenyekiti wake, ambako mzazi haulizwi imani wala kiwango cha elimu.

Habari ikitolewa kwa namba moja inayoshikika, watu wa kawaida huitumia vizuri. Mwishoni mwa mwaka 2021 Tanzania ilijenga madarasa 15,000 kwa sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa kukabili athari za UVIKO-19. Kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20, na kiasi hicho kilitangazwa mpaka kikajulikana na mafundi na wauza mchanga. Shule zilinunua vifaa zenyewe na kuajiri mafundi wa karibu, huku kamati tofauti zikishughulikia ujenzi, ununuzi na mapokezi. Mjumbe wa kamati ya mapokezi alisimama kwenye gari akihesabu mifuko ya saruji ikishuka, akalinganisha na hati ya kupokelea ndipo akatia sahihi. Mjumbe huyo alikuwa mzazi wa kawaida, na hakuhitaji shahada kuelewa kazi yake, kwa sababu alijua kiasi kilichotoka na kitu kilichotakiwa kusimama mwishoni.

Eneo linaloleta machungu zaidi ni chakula cha mchana. Serikali iliacha jukumu hilo kwa wazazi wa wanafunzi wa kutwa, nao huchanga mahindi, maharage na fedha za mpishi na kuni. Januari 2018 Rais John Magufuli alikataza walimu kukusanya michango, kwa kuwa palikuwa na watoto wanaorudishwa nyumbani kwa deni la wazazi. Katazo lilikuwa na huruma ya kweli, lakini chakula kilibaki kinahitajika, na makubaliano ya wazazi wenyewe ndiyo yakawa njia. Makubaliano ya namna hiyo hayana nguvu nyingine isipokuwa habari. Mzazi aliyeleta debe lake la mahindi baada ya mavuno anataka kujua magunia mangapi yaliingia stoo, watoto wangapi wanakula, na yatafika mwezi gani. Akiambiwa, mwaka unaofuata huleta tena. Asipoambiwa, haleti, na anayekaa na njaa hadi saa tisa ni mtoto ambaye hakuhusika na lolote.

Deni hili lina mpaka pia, na mpaka wake ni heshima ya mtoto. Majina ya watoto ambao wazazi wao hawajachangia hayapaswi kusomwa mstarini, wala matokeo ya mtoto aliyeshika mkia kuwa habari ya mtaa mzima. Mwanzoni mwa 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora kitaifa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka msingi mpana zaidi. Kinachodaiwa na wazazi wote kwa pamoja ni habari za mali na mwenendo wa shule. Habari za mtoto mmoja zinadaiwa na mzazi au mlezi wake peke yake, na kumwambia jirani ni kuvunja amana ileile iliyotajwa mwanzo. Mlezi hapa ni yule anayeishi na mtoto kweli, hata kama jina lake haliko kwenye fomu ya kujiunga. Shangazi wa Babati asiyeambiwa kwamba mtoto anaumwa macho hawezi kumpeleka hospitali.

Wadaiwa wa deni hili si walimu wakuu peke yao. Mfumo wa FFARS wa kuhasibu fedha za vituo vya huduma, ulioanza mwaka 2017, umewawezesha wakubwa kuona matumizi ya shule. Habari zinapanda juu haraka kuliko zinavyoshuka. Ruzuku ikichelewa, mwalimu mkuu mara nyingi hajui sababu, na anaposimama mbele ya wazazi hana la kusema ila kwamba bado. Hapo anadaiwa kitu ambacho yeye mwenyewe hajapewa. Halmashauri inayotaka taarifa ya kila mwezi kutoka shuleni inadaiwa na shule taarifa ya namna hiyohiyo: fedha ziko wapi, zitakuja lini, walimu wa hisabati wamepangiwa wapi na kwa sababu gani, na ile shilingi 4,000 ya vitabu iliyobaki juu imenunua vitabu vipi na vimefika shule zipi.